Mauntingi za Askofu

Juma lililopita nilipeleka gari langu kwa fundi hapa Embu mjini, kwa sababu lilikuwa limeanza kutetemeka kila niliposimama kwenye foleni, usukani ukiniwashawasha viganja. Fundi alifungua boneti, akaingia chini, akagongagonga, kisha akatoka na kipande cha mpira mweusi kilichopasuka katikati na kulowa oili. Akaniwekea mkononi bila kuniuliza kama nina kitambaa.

"Mauntingi zimekufa, madam," akasema. "Hii ya kushoto ilikufa kitambo."

Nilikuwa nimekinusa kile kipande. Mpira mzee ulioivishwa na joto la injini na kulowa oili una harufu yake, nzito, kama ya sufuria iliyoungua halafu ikapakwa grisi. Nilisimama pale na viatu vyangu vya ofisini, fundi akidhani nahuzunikia gharama, kumbe mimi nilikuwa kijijini kwetu Kanyakine, huko Meru, mwanafunzi wa darasa la tano, nimekalia ukingo wa gari naangalia vidole vya baba yangu.

Kwa asiyejua magari, nieleze kidogo. Injini haikazwi moja kwa moja kwenye fremu ya gari. Huwekwa juu ya mipira minene iliyobanwa kati ya vibati vya chuma, mmoja kushoto na mwingine kulia, ili ikitetemeka isilitetemeshe gari zima. Hiyo ndiyo mauntingi. Mpira ukichakaa, injini huanza kucheza mahali pake kama jino bovu. Ukikatika kabisa, ndipo mambo huwa kama yalivyokuwa kwetu.

Gari letu lilikuwa la Kifaransa, kuukuu hata nyakati zile. Babu ndiye aliyelinunua, na baba akalirithi pamoja na shamba la kahawa na mafua ya kila Julai. Lilikuwa na rangi ya zambarau iliyokolea kama joho la askofu, na kwa hiyo kijiji kizima kililiita Askofu. Taa zake zilikuwa za duara, bampa zake za kung'aa, na nyuma lilichongoka pembe mbili kama mapezi ya samaki. Baba alikuwa karani katika kiwanda cha kahawa siku za kazi, lakini Jumamosi alibeba maharusi. Bibi harusi wa pande zetu asiyepanda Askofu alionekana kama ameolewa nusu.

Mama yangu alitoka Runyenjes, huko Embu, akaolewa kwetu Meru. Alikuwa mwanamke mchapakazi asiyeogopa nyoka, ng'ombe mkali wala mwenyekiti wa kanisa. Lakini gari aliliogopa. Hakuketi kiti cha mbele hata siku moja. Alikaa nyuma ya dereva, mkono mmoja umeshika kishikio cha mlango, midomo ikichezacheza. Wanawake wa kikundi chake walimtania kwamba yeye huanza kusali Askofu akiwa bado amezimwa. Mimi niliona haya kidogo kuwa na mama mwoga, na nilifurahi kidogo pia, maana kiti cha mbele kilikuwa changu.

Siku moja tulikuwa tukirudi kutoka soko la Nkubu. Kabla ya kufika kwetu, barabara inateremka bondeni, inavuka mto kwa daraja jembamba, kisha inapanda upande wa pili kwa kona kali. Tulivuka daraja. Baba akakanyaga mafuta ili tupande. Nikasikia kitu kikisema *tu!* ndani ya boneti, kama gunia la viazi limeangushwa, na Askofu akanguruma kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

Nilimgeukia baba nikidhani anaonyesha mbwembwe. Nikauona mguu wake. Ulikuwa umeinuka hewani, haugusi kitu, na bado gari lilikuwa likizidi kukimbia. Akakanyaga breki, gari likapunguza kidogo, likatetemeka, likaendelea kuvuta kama fahali aliyekatika kamba. Juu yetu, kwenye kona, lori la majani chai lilikuwa likiteremka, na pembeni mwa barabara kulikuwa na wanawake wawili na mizigo ya kuni. Baba alikuwa anasema, "Nini? Nini?" kana kwamba gari lingemjibu.

Ndipo sauti ikatoka nyuma. "Klachi! Kanyaga klachi!"

Ilikuwa sauti ya mama lakini sikuitambua. Alisema kwa Kiembu, lugha aliyoiweka kwa ajili ya watu wa kwao.

"Kanyaga yote, usiiachilie! Zima swichi! Sasa hendibreki. Vuta! Vuta!"

Baba akafanya kama alivyoambiwa, jambo baada ya jambo. Alipokanyaga klachi, kitu kizito kilianguka ndani ya boneti kwa kishindo, kelele ikakoma, na gari likasimama huku likitaka kurudi nyuma. Lori likatupita likipiga honi ndefu. Kabla baba hajafungua mlango wake, mama alikuwa ameshatoka na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Kisha akaenda kuketi kwenye nyasi akaufunika uso wake na leso.

Baba alifungua boneti, na mimi nikachungulia chini ya mkono wake. Mpira wa kushoto ulikuwa umekatika vipande viwili. Injini ilipoinuka upande ule, ilivuta fimbo ya pedali ya mafuta. Na kadiri ilivyoivuta ndivyo ilivyonguruma, na kadiri ilivyonguruma ndivyo ilivyozidi kuinuka. Baba alinieleza haya taratibu, na nilijua anajieleza mwenyewe pia. Akaifunga injini kwa mnyororo wa ng'ombe alioazima kwa boma la jirani, akalileta gari nyumbani pole pole.

Mama hakupanda. Alinishika mkono tukapanda kile kilima kwa miguu. Jioni, akimpakulia baba githeri, alisema neno moja tu.

"Mimi sipandi tena hiyo gari mpaka injini ikae kitako. Na mtoto hapandi."

"Jumamosi ni harusi ya Kinya," baba akasema. "Nilishampa Mzee Mbaabu neno langu."

"Basi tafuta mauntingi nzuri."

Kinya alikuwa binti wa Mzee Mbaabu, jirani yetu, na kanisa alikokuwa anaolewa lilikuwa ng'ambo ya lile bonde. Hakukuwa na njia nyingine.

Siku iliyofuata tulikwenda Meru mjini, sisi watatu. Hilo lenyewe lilinishangaza, maana vipuri vilikuwa shughuli ya baba na mama hakuwahi kuandamana naye. Huko Majengo, nyuma ya msikiti, jirani na bucha, Mzee Hamisi alikuwa na duka la vipuri vya magari ya zamani. Vyuma vilining'inia darini kama mapaja ya mbuzi, na mtu asiyejua mlango angeweza kwenda kuomba kilo mbili za gia.

"Karibu, karibu wanangu," akasema Mzee Hamisi. "Askofu anaumwa nini tena?"

Baba akamwonyesha mpira uliokatika. Mzee akatikisa kichwa, akapotea ndani, akarudi na jozi mbili akazipanga mezani. Jozi ya kwanza ilikuwa mpya, inang'aa, bado imo katika karatasi ya nailoni. Ya pili ilikuwa ya gari lililovunjwa, lakini halisi kabisa, na nambari za Wafaransa zimechorwa kwenye chuma.

Nilimngoja baba azishike. Baba akarudi nyuma hatua moja. "Mama Gakii," akasema, "chagua wewe."

Nilidhani anafanya mzaha. Mama alifuta mikono kwenye leso, akaichukua ile mpya. Akaukandamiza mpira kwa ukucha wa kidole gumba, na ukucha haukuingia.

"Ngumu kama kwato," akasema. "Hii haitakatika leo, lakini itatikisa gari lote. Kila skrubu italegea."

Akaiweka. Akachukua ile ya zamani, akaikunja kuelekea mlangoni, kwenye mwanga, akaizungusha taratibu akiangalia pale mpira ulipogandana na chuma. Halafu akainusa, jinsi mtu anavyonusa maziwa asiyoyaamini.

"Hii imekunywa oili. Ona hapa, imeanza kuachana na chuma." Akamtazama Mzee Hamisi usoni. "Baba, hakuna zingine? Hata kama zimefichwa."

Mzee Hamisi akamwangalia kwa muda, akacheka, akaenda tena ndani. Alikaa huko mpaka nikachoka kusimama. Aliporudi alikuwa na furushi la gazeti la kale lililobadilika rangi kuwa ya chai. Ndani yake kulikuwa na mauntingi mbili zilizopakwa poda, hazijawahi kuona injini. Baba yake ndiye aliyezileta dukani, akasema, na alikuwa akimwekea mteja ambaye hakurudi.

Mama akabonyeza. Ukucha ukaingia, na alipouondoa, kishimo kikajaa polepole mpaka kikapotea. Akazikunja zote mbili kwenye mwanga. Akazinusa.

"Hizi," akasema.

"Mama huyu anavijua vyuma," akasema Mzee Hamisi.

Mama akageuza uso, akawa anaangalia nyama za bucha ya jirani kana kwamba amekumbuka kununua maini. Baba akajibu haraka, "Wa kwao Runyenjes wana macho," akalipa bila kubishana bei, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya tangu nizaliwe.

Tuliporudi nyumbani nilimfuata baba zizini nikamuuliza mama amejulia wapi mauntingi, na kama anayajua magari, kwa nini anayaogopa.

"Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka," baba akasema.

"Mama aliumwa na nyoka?"

"Ni methali, Gakii. Kaiandike kwa insha."

Alhamisi baba aliomba ruhusa kiwandani akarudi mapema. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi, na ule udongo wetu mwekundu ulikuwa umelainika kama uji. Alisukuma gari mpaka chini ya paa la stoo, akaweka ubao juu ya udongo, jeki juu ya ubao, na kipande kingine cha ubao kati ya jeki na tumbo la injini. Akaiinua kidogo tu, mpaka uzito ukatoka kwenye mipira. Mimi nilikalia ukingo wa gari, miguu ikining'inia ndani ya boneti, kazi yangu ikiwa kumpa spana kutoka juu na kumwambia tundu likilingana na tundu.

Mauntingi ya kulia iliingia vizuri. Baba aliipigia mluzi ilipokaa. Ya kushoto ndiyo iliyokuwa na kazi, kwa sababu bolti zake zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Alizimwagia mafuta ya taa, akangoja, akavuta, akatukana kwa Kimeru, akaniambia nisahau alichokisema. Hatimaye zikaachia. Akatoa vipande vya mpira uliokufa, na harufu ile ikanipanda puani. Kisha akaingiza mkono wa kulia katika nafasi iliyobaki, kati ya injini na fremu, akawa anasugua kutu ili chuma kipya kikae sawa.

Niliona kabla yake. Jeki haikuanguka. Iliinama polepole, kama mzee anayesinzia kanisani, upande mmoja wa ubao ukizama kwenye tope.

"Baba," nikasema. Neno lilitoka dogo mno.

Injini ikashuka.

Baba hakupiga kelele. Alitoa pumzi moja ndefu, kama mtu aliyetumbukia kwenye maji baridi, akabaki amepiga magoti, shavu limebanwa kwenye gari, mkono wake umepotea ndani mpaka juu ya kifundo. Uso wake ulikuwa karibu na goti langu. Ulikuwa umegeuka rangi ya majivu.

"Gakii," akasema kwa upole ulionitisha kuliko kelele yoyote. "Shuka. Usiguse kitu. Muite mama."

Mama alitoka jikoni na unga mikononi. Aliangalia mara moja tu. Akalala kifudifudi kwenye tope, na gauni lake na leso, akaichungulia jeki, akainuka.

"Jeki haiwezi. Nikiipampu, itateleza yote." Akakimbilia nyuma ya stoo akarudi na mtaimbo wa kuvunjia mawe. Akalikokota mpaka kwenye fremu jiwe la kufulia ambalo kwa kawaida wanawake wawili walilibeba. Akaupitisha mtaimbo juu ya jiwe mpaka ncha yake ikawa chini ya injini.

"Gakii, shika mkono wa baba yako hapa, juu ya kiwiko. Injini ikiinuka, vuta. Usingoje nikuambie mara ya pili. Hata akilia, vuta."

Nilishika. Mkono ulikuwa na jasho na oili, unateleza. Mama akaweka kifua chake juu ya mtaimbo akajiachilia kwa uzito wote. Hakuna kilichotokea. Nilimsikia akiguna, nikasikia chuma kikilia, nikaona miguu yake ikiacha ardhi. Kisha injini ikainuka, labda upana wa kidole.

"Vuta!"

Nilivuta nikaanguka chali na baba juu ya miguu yangu. Vidole viwili vilikuwa havina umbo la vidole. Sitaeleza zaidi. Mama alivibana pamoja kwa kitambaa safi, akafunga leso juu yake, akauweka mkono kifuani kwa baba na kumwegemeza ukutani.

Nilitumwa barabarani kutafuta gari. Nilikimbia mpaka kwenye duka la pembeni. Pikapu ya pekee ya kijiji ilikuwa imekwenda na maziwa, na kwa tope lile hakuna dereva aliyekuwa akipandisha huku. Niliporudi kusema hivyo, nilimkuta mama yuko chini ya Askofu. Alikuwa ameiweka jeki juu ya jiwe bapa, injini imepanda tena.

"Ingiza mkono wako hapa," akaniambia. Aliyaona macho yangu. "Si pale. Hapa juu. Hapa haiwezi kukubana. Vidole vyako ni vyembamba. Anzisha nati, mimi nitakaza."

Tuliifunga ile mauntingi ya kushoto hivyo, mimi nikianzisha nati, yeye akikaza kwa spana, baba ukutani amefumba macho. Hakumwelekeza hata mara moja. Nilidhani ni maumivu yaliyomnyamazisha.

Alipomaliza, mama alimwingiza baba kiti cha mbele, akanitupa nyuma, mahali pake. Akaketi nyuma ya usukani. Akaweka mikono yote miwili juu yake. Akakaa hivyo.

Mvua ilikuwa imeanza upya juu ya bati. Sikuelewa tunangoja nini. Nilitaka kusema, mama, wewe hujui kuendesha, lakini niliogopa kwamba nikisema itakuwa kweli.

"Wanja," baba akasema. Sikuwa nimewahi kumsikia akimwita kwa jina lake. Siku zote alikuwa Mama Gakii. "Wanja. Mimi niko hapa."

Akawasha.

Aliendesha vizuri kuliko baba. Hata mtoto angeliona hilo. Gia ziliingia bila kukwaruza, na Askofu, akiwa amekalia mipira yake mipya, alinguruma kwa sauti ya chini kama paka aliyeshiba. Lakini tulipofika juu ya bonde, pale barabara inapoanza kuteremka na maji ya mvua yakiteremka nayo, mama alisimamisha gari. Akafungua mlango, akatoka, akainama kwenye nyasi, akatapika. Akaosha mdomo kwa maji ya mvua yaliyokuwa yakidondoka kwenye majani ya mgomba. Akarudi, akafunga mlango, akaweka gia ya kwanza, tukateremka kwa mwendo wa maandamano. Nilidhani gari lilikuwa limemchefua, kama linavyowachefua watu wengi.

Katika hospitali ya misheni waliviokoa vidole vya baba, isipokuwa ncha ya cha kati. Tulirudi Ijumaa, mama akiendesha, na Mzee Mbaabu tayari yuko uani kwetu anazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Aliuangalia mkono wa baba uliofungwa bandeji mpaka kiwiko.

"Pole sana, Baba Gakii. Pole. Sasa... nani ataendesha?"

"Mama Gakii," baba akasema.

Mzee Mbaabu akamgeukia mama. Mama akaangalia chini. Nilingoja akatae. "Saa tatu asubuhi," akasema hatimaye. "Mwambie Kinya asichelewe."

Jioni hiyohiyo akafika Mjomba Njeru kutoka Runyenjes, ndugu wa mama wa pekee. Baba alikuwa amempigia simu kutoka hospitalini. Mjomba alikuwa mtu wa vichekesho, aliyechechemea sana mguu wa kushoto, na watoto walipomuuliza mguu umefanya nini kila mmoja alipewa jibu lake. Mimi aliniambia ni mamba wa Mto Tana. Wapwa wa Kinya aliwaambia ni nyati wa mlimani. Safari hii alikuja na koti lake la harusi begani, na nilielewa mara moja kilichomleta: nyama.

Jumamosi alifanya jambo la aibu. Askofu alipokuwa tayari, amefungwa riboni nyeupe, Mjomba Njeru alifungua mlango wa mbele akaketi. Kiti kile kilikuwa cha shangazi ya bibi harusi. Shangazi alisimama mlangoni, kofia yake kubwa ikitikisika.

"Hapo ni pangu."

"Mguu wangu haukunjiki, mama," Mjomba akasema kwa huzuni kubwa. "Nyuma siwezi."

"Si upande gari lingine?"

"Mengine nayo yana nyuma."

Shangazi akaja kubanana nasi, na kofia yake ikanichoma jicho njia nzima. Mama aliwasha gari bila kusema. Mikono yake ilikuwa imekamata usukani hivi kwamba niliviona vifundo vya vidole vimekuwa vyeupe. Kinya alinong'ona, "Mama Gakii, utatufikisha?" akacheka kidogo, na hakuna aliyecheka naye.

Tulipoanza kuteremka bondeni, sauti ikasikika mbele. Mjomba Njeru alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea kiooni, mdomo wazi, anakoroma. Kona ya kwanza, anakoroma. Kona kali ya juu ya daraja, ambapo hata mimi nilishika nguo ya Kinya, anakoroma. Niliona haya kiasi cha kutaka kutoweka. Mbele ya bibi harusi! Shangazi akatoa sauti ya kudharau puani. Mama alimtupia ndugu yake jicho mara moja tu, kisha akarudisha macho barabarani, na nikaona mabega yake yakishuka, polepole, kama mtu anayetua mzigo. Tulivuka daraja. Tukapanda. Askofu hakutikisika. Kanisani watu walimpigia mama vigelegele karibu kumshinda Kinya.

Tangu siku hiyo mama ndiye aliyeendesha maharusi, na baba akakaa kando yake akipunga mkono wenye kidole kifupi. Mimi nilikua nikidhani kwamba mama aliogopa magari, akalazimika, akazoea. Hivyo tu.

Miaka ilipita mpaka nilipoanza kujifunza kuendesha, nikiwa kwa Mjomba Njeru Runyenjes. Nilikuwa mwoga. Niliugusa usukani kana kwamba una moto. Mjomba alinikalisha chini ya paa la banda la kahawa akaniambia, kwa mara ya kwanza bila mzaha, kuhusu mguu wake. Mama alipokuwa msichana, yeye ndiye aliyeendesha pikapu ya baba yao kupeleka kahawa kiwandani, na ndiye aliyeitengeneza. Siku moja breki zilikatika kwenye mteremko. Mjomba, mdogo wake, alikuwa amekaa nyuma juu ya magunia. Pikapu ilipinduka. Mama alitoka bila mkwaruzo, akamkuta ndugu yake chini ya pikapu. Hakugusa usukani tena, na alimwomba baba, kabla ya kuolewa, asimwombe kamwe kuugusa. Baba hakumwomba. Hata siku ile, akivuja damu ukutani, hakumwomba.

Nilifikiria mamba na nyati, uongo wote ule aliotuuzia sisi watoto ili asitokee mmoja wetu akaenda kumuuliza mama.

"Lakini Mjomba," nikasema, "siku ya harusi ya Kinya ulilala. Ulikoroma mpaka shangazi akakasirika."

Akanitazama kana kwamba nimesema jambo la kitoto.

"Gakii, nani angeweza kulala kwa mteremko kama ule? Moyo ulikuwa unanigonga nikaogopa atausikia. Lakini ningekaa macho wazi, angeniangalia mimi, aache kuangalia barabara."

"Na aliamini kwamba umelala?"

Mjomba akaunyoosha mguu wake mbovu, akalisugua goti, akacheka.

"Tulilala chumba kimoja utoto wetu wote," akasema. "Anajua kabisa mimi huwa sikoromi."